Masale Manne

Siku Bibi Anande alipotia dole gumba kwenye mkataba, hakulitia kwa ajili ya maneno ya mwanasheria, wala kwa sababu mwanawe Bariki alikuwa amemsumbua mwezi mzima. Alilitia kwa ajili ya Aikande na kompyuta yake. Watu wa kijiji cha Akheri walilisema hilo baadaye, tena walilisema mbele ya Aikande mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1999. Kahawa ilikuwa imeporomoka bei hadi wengine wakaanza kuing'oa wapande nyanya, na wageni walikuwa wakimiminika Arusha na kamera zao shingoni. Kila mwenye kipande cha ardhi kinachouona mlima Meru aliambiwa amekalia hoteli bila kujua. Kampuni moja ya utalii ikakitaka kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha marehemu Sumari, mume wa Bibi Anande, ijenge kwenye mteremko wake nyumba ya wageni ya vyumba ishirini. Kazi ya michoro ikapewa ofisi ya msanifu Philemoni, pale mjini, ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri. Na ndani ya ofisi ile, kazi ikaangukia meza ya Aikande.

Aikande alikuwa mwanamke wa Machame, miaka ishirini na tisa, na ndiye pekee ofisini aliyejua kuijenga nyumba nzima ndani ya kompyuta: siyo urefu na upana tu, bali na kimo chake, kuta, paa, ngazi, hata ardhi inayoibeba. Ukitaka kuiona kwa nyuma, anaizungusha. Ukitaka kuingia sebuleni, anakuingiza. Philemoni alikuwa akiwaleta wateja wasimame nyuma ya kiti chake watazame, na Aikande hakujifanya haoni. Alipenda kutazamwa akifanya kazi, na kwa kazi aliyokuwa akiifanya, alikuwa na haki.

Kona ya pili alikaa mzee Simel, mchoraji wa mkono, na ubao wake mkubwa ambao ulikuwa umesukumwa hadi karibu na mlango wa choo. Kompyuta ilikuwa imemnyang'anya kazi zote isipokuwa vyoo vya shule na nyumba za wainjilisti. Hakununa. Alikuwa na kalamu zake za wino mweusi, na kalamu moja nyekundu ambayo alikuwa akiitumia kuandika kwa maneno kitu chochote ambacho fundi akikikosea hakuna wa kukirekebisha. KISIMA. WAYA WA UMEME. KABURI. Vijana wa chuo waliokuja mazoezini walikuwa wakimcheka kwa yale maandishi makubwa.

Kabla ya kuchora lolote, Aikande alikwenda Akheri na mpimaji. Mpimaji akasimamisha mashine yake kwenye migomba, na bibi kizee mmoja mwenye fimbo, Bibi Anande mwenyewe, akaja moja kwa moja kwa Aikande.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Wa Machame, Bibi. Kwa kina Swai."

"Basi wewe nikikuonyesha kitu, huhitaji kuelezwa sana."

Akamwonyesha kwanza kaburi la Sumari, karibu na nyumba, saruji na vigae vyeupe na msalaba. Halafu wakapanda mteremko taratibu, maana mguu wa Bibi ulikuwa mbaya, hadi sehemu ya juu ya kihamba. Pale palisimama masale manne, ile mimea ya mipakani, kwenye mstari, marefu kuliko mtu, majani yake mabichi yanachekecha upepo. Hapakuwa na saruji wala msalaba.

"Surua iliwachukua wanangu wanne ndani ya majuma matatu," Bibi alisema. "Elinipa, Daniel, Elizabeth, na huyu wa mwisho hakuwa amepata jina. Saruji wakati ule tuliiona kanisani tu. Sumari aliwachimbia mwenyewe, akafika mpaka kifuani kwake, hakutaka fisi." Akalishika jani la isale la kwanza, akalinyoosha, kama mtu anavyomtengenezea mtoto kola ya shati. "Bariki alizaliwa baadaye. Kwake hawa ni habari ya zamani. Kwangu siyo ya zamani."

Kweli Aikande hakuhitaji kuelezwa. Kwao, nyuma ya zizi, alikuwako mdogo wake wa kiume chini ya isale kama lile. Isale ndilo hupandwa mpakani, ndilo hupandwa kaburini, na ndilo mtu hulipeleka kwa mwenzake aliyemkosea akitaka kusamehewa. Na likishafika mlangoni, halikataliwi. Mtoto wa mlimani hafundishwi haya shuleni, anakua nayo.

"Hawataguswa, Bibi," alisema. "Nitaipindisha nyumba."

Na aliipindisha. Ukuta wa juu, ule unaoutazama mlima, aliuchora umepinda kwa ndani kama ukingo wa ungo, ukayazunguka masale yale na kuyaachia nafasi ya kutosha. Akaupenda ule ukuta. Siku zilivyokwenda akazidi kuupenda, akaupunguza hapa, akauongeza pale, akauwekea dirisha refu ili mgeni akiamka ayaone majani na mlima nyuma yake. Philemoni aliutazama akasema, "Huu sasa ndio usanifu," na Aikande akarudi nyumbani kwake Sakina siku ile anatembea kama hakanyagi chini.

Masale yenyewe yalimpa taabu. Programu ile ilikuja na bustani nzima ya mimea ya watu wengine: misonobari, mawaridi, mitende ya aina sita. Isale halikuwemo. Akalichora mwenyewe, jani kwa jani, siku mbili nzima, kisha akalinakili likawa manne, na kila moja akalisimamisha pale pale mpimaji alipopima. Akayaweka kwenye leya ya mimea. Leya, kwa asiyejua, ni kama karatasi ya kioo: kuta zinakaa kwenye karatasi yao, mabomba kwenye yao, mimea kwenye yake, na zikilaliana zote ndipo unaiona nyumba. Masale angeyaweka wapi kwingine? Isale ni mmea.

Mzee Simel alipita na kikombe chake cha chai, akasimama.

"Haya ndiyo makaburi ya yule mama?"

"Ndiyo, mzee."

"Umeandika?"

"Yanaonekana, mzee. Angalia, mpaka jani linaonekana."

"Naona. Nauliza kama umeandika."

Aikande alicheka, kwa adabu. Akamweleza kwamba kuandika ni mambo ya karatasi. Kwenye modeli, ile nyumba ya ndani ya kompyuta, mtu anakiona kitu chenyewe, huna haja ya kukitaja. Mzee Simel akasema haya, akarudi kwenye vyoo vya shule.

Ilipofika siku ya kumwonyesha Bibi, waliifunga kompyuta kwa blanketi, kioo chake na boksi lake, wakaipakia kwenye pikapu ya ofisi hadi sebuleni kwa Bariki, ambako umeme ulikuwa umeingia mwaka ule ule. Bibi Anande aliketi mbele ya kioo mikono magotini. Aikande akamzungushia nyumba, akampandisha mteremko, akampitisha nyuma ya ukuta uliopinda, akasimama.

Bibi akainua kidole akagusa kioo. "Elinipa," alisema. Akasogeza kidole. "Daniel. Elizabeth." Kwenye la nne, la yule asiye na jina, akaacha kidole pale. Kisha akamgeukia mwanasheria wa kampuni, ambaye alikuwa kwenye soda ya pili, akamwambia alete wino.

Sasa, nyumba haisimami kwa uzuri. Inataka mtu wa kupiga hesabu za nguzo na msingi, na mtu huyo alikuwa Dar es Salaam, Injinia Abdiel, ambaye alikuwa akifanya kazi kwa programu nyingine kabisa. Programu hizi mbili hazikuwa na salamu. Ya Aikande ilijua kwamba ukuta ni ukuta na mmea ni mmea. Ya injinia ilijua mistari, nguzo na uzito, basi. Ili modeli itoke hapa ifike kule, ilibidi igeuzwe kwanza kuwa faili la kati, ambalo programu zote mbili zilidai zinalielewa. Zilidai.

Mara ya kwanza, paa lilifika Dar bila kuta. Mara ya pili, nyumba ilifika kubwa kuliko wilaya, maana Aikande alipima kwa milimita na kule walisoma mita. Injinia Abdiel alipiga simu anacheka, akasema ameona choo chenye urefu wa kilomita mbili. Mara ya tatu vipimo vilikaa sawa, lakini faili likawa zito mno. Lile faili la kati halikujua jani ni nini. Kila jani lilikatwakatwa vipande vidogo vya pembetatu, maelfu kwa maelfu, hata masale manne yakawa mazito kuliko vyumba ishirini. Aikande aliligawa faili kwenye disketi tisa akazituma kwa basi. Ya tano ikafika imeharibika. Akaenda kwenye kafe ya intaneti karibu na mnara wa saa, akakaa alasiri nzima akiitazama barua pepe inapanda polepole hadi zaidi ya nusu, laini inakatika, inaanza upya. Mwenye kafe alimwonea huruma akamletea maandazi.

Na huku katapila lilikuwa limekodiwa kutoka Moshi. Tarehe ilikuwa imepangwa. Philemoni alikuja akasimama nyuma ya kiti, safari hii bila mteja.

"Kinachojaza ni nini?"

"Mimea, bosi."

"Injinia anajenga bustani? Toa mimea."

Aikande akasita. Nataka isemwe kwamba alisita. Lakini akajiambia mambo matatu, na yote matatu yalikuwa na akili: kwamba modeli halisi inabaki ofisini na masale yake; kwamba nguzo hazipigiwi hesabu kwa majani; na kwamba ukuta uliopinda unakwenda kama ulivyo, na ukuta ule ndio unaowalinda watoto. Akaichagua leya ya mimea, akabonyeza kuiondoa. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika, kama zinavyouliza kwa kila jambo, hata la kijinga, na akajibu ndiyo, kama watu wote wanavyojibu. Faili likaenea kwenye disketi mbili. Kesho yake likafika Dar salama, na ofisi nzima ikapumua.

Kule Dar, ukuta uliopinda ulifika umekuwa vipande arobaini na viwili vilivyonyooka. Injinia Abdiel alijaribu kuupa msingi, programu yake ikakataa. Akatazama nyuma ya ukuta ule kuona kama kuna kitu kilichoufanya upinde. Akaona mteremko mtupu. Akauchukulia kuwa ni urembo, akaunyoosha toka kona hadi kona, akasogeza ukingo wa kuchimba nyuma mita nne, akaandika chini ya karatasi kwa herufi ndogo kwamba ukuta wa juu umenyooshwa kurahisisha msingi. Mtu mwangalifu. Hata lile pande la saruji lililotokea peke yake karibu na nyumba ya zamani hakulipuuza. Alipiga simu ofisini kuuliza ni nini, akaambiwa, na akaandika pembeni yake: kaburi, lisiguswe.

Michoro ilirudi kwa basi siku ya Ijumaa. Philemoni akaitandaza mbele ya Aikande. "Kagua, saini. Mkandarasi yuko chini kwenye gari."

Alikagua. Alijumlisha vipimo vyote vya nguzo kwa kikokotoo, akakuta kosa la sentimita kumi kwenye ngazi, akalirekebisha, akajisifu kimoyomoyo. Kisha akafika kwenye ukuta wa juu, akauona umenyooka.

Hapa ndipo Aikande atakaporudi maisha yake yote. Aliuona. Hakuna wa kusema hakuuona. Na alichohisi ni uchungu wa fundi aliyeharibiwa kazi: mkunjo wake, dirisha lake refu, ule uzuri, umefutwa na mtu wa Dar asiyejua uzuri ni nini. Aliusikitikia ukuta. Kwa nini aliupindisha, halikumjia. Karatasi ilikuwa nyeupe pale nyuma, hapakuwa na jani hata moja la kumkumbusha, na miezi ilikuwa imepita akiupenda mkunjo wenyewe hata sababu yake ikalala. Chini kidogo akaona pameandikwa "kaburi, lisiguswe", pembeni ya kaburi la vigae la Sumari, na moyo wake ukatulia kabisa. Kumbe makaburi yamezingatiwa. Honi ikalia chini. Akasaini.

Jumatano katapila lilipanda Akheri. Bariki alikuwa amempeleka mama yake mjini kliniki ya macho, maana siku hiyo daktari alikuwepo. Mwendesha katapila alikuwa mtu wa Singida, mstaarabu, anayefuata mchoro. Aliliwekea kaburi la vigae kamba nyekundu kulizunguka asije akaligusa hata kwa bahati mbaya. Masale alikuwa ameyang'oa mengi tangu asubuhi, ya mipakani, na yale manne ya juu kwake yalikuwa mengine manne. Ilipofika saa nane mteremko ulikuwa umekatwa wima mita tatu, sakafu imenyooka, na malori yameondoka na udongo.

Bariki alipiga simu kutoka dukani Tengeru. "Dada Aikande," alisema, "mama amekaa chini kwenye udongo. Hataki kuinuka. Hataki mtu amguse. Njoo wewe."

Aikande aliiweka simu akafungua modeli. Wakatokea wote wanne, kijani, kila mmoja mahali pake, na ukuta umewakumbatia. Akaikunjua karatasi aliyoisaini, akaiweka juu ya meza chini ya kioo. Akatazama juu, akatazama chini. Mzee Simel alikuja, akatazama vyote viwili kwa muda mrefu, na kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni mwa shati lake, hakuigusa.

"Nenda sasa hivi," alimwambia. "Usimngoje bosi."

Alimkuta Bibi Anande ameketi katikati ya sakafu ile mpya, miguu ameinyoosha mbele, kitambaa cha dawa kwenye jicho moja. Hakumtazama Aikande. Alimuuliza msimamizi wa kazi swali moja tu, udongo umekwenda wapi, na msimamizi, ambaye kofia alikuwa ameishika mkononi, akajibu kwamba umekwenda Maji ya Chai, kujaza bonde pale mabasi yanaposimama.

Walikwenda Maji ya Chai na pikapu, Bibi mbele, Bariki na Aikande nyuma. Greda lilikuwa limeshasawazisha. Kina mama walikuwa wameshatandika magunia juu ya udongo mwekundu na kupanga ndizi na maparachichi, na basi la Moshi lilikuwa likishusha watu. Aikande alishuka akatembea pale, hajui akanyage wapi, akiokota mabonge na kuyavunja kwa vidole. Mizizi ya migomba. Kipande cha chungu. Mifupa ya watoto baada ya miaka arobaini na mitano kwenye udongo ule, hata ukiishika, hujui umeshika nini. Bibi Anande hakushuka garini. Mchuuzi mmoja alimpelekea ndizi dirishani, akidhani ni abiria.

Ofisini, Philemoni hakupiga kelele. Aliuliza mchoro ulikaguliwa na nani, wakati saini ilikuwa mbele yake. Mwanasheria wa kampuni alisoma mkataba, akakuta dole gumba, na kaburi moja tu lililotajwa, la vigae, nalo lilikuwa salama. Mchungaji alikuja akasali pale juu. Kazi ilisimamishwa siku nne kwa heshima, na Jumatatu zege lingemwagwa.

Jumamosi Aikande alikwenda Machame. Alimweleza mama yake yote, hakujitetea, na mama yake hakumfariji. Alichukua panga akaenda nyuma ya zizi, akarudi na isale lenye mizizi yake, akalifunga fundo la majani kama linavyofungwa, akampa.

Jumapili baada ya ibada, Aikande alisimama mlangoni kwa Bibi Anande, isale mikononi.

"Umelitoa wapi?" Bibi aliuliza.

"Kwa mdogo wangu, Bibi. Yuko chini yake."

Kuku walipita katikati yao. Bariki aliinama akatazama viatu vyake.

"Siwezi kulikataa," Bibi alisema mwishowe, "na wewe unajua siwezi. Ndiyo maana umekuja nalo." Akanyoosha mikono akalipokea. "Haya. Nimelipokea. Yamekwisha."

Aikande alikuwa amedhani maneno hayo yatampunguzia kitu. Hayakumpunguzia chochote. Aliona aibu mpya juu ya ile ya zamani, maana ni kweli, alijua.

"Bariki ananiambia kwenye kompyuta yako bado wapo," Bibi alisema.

"Wapo, Bibi."

"Basi nionyeshe walipokuwa."

Aikande alikuwa amekuja na karatasi ya vipimo, kwa kuwa aliogopa angeulizwa. Walipanda hadi kwenye mkato. Bariki akashika ncha ya tepu ya kupimia kwenye kona ya kaburi la baba yake, Aikande akaivuta, akapima, akageuka, akapima tena, akasimama kwenye sakafu ile tupu.

"Elinipa," alisema. "Hapa."

Bibi alikuja kwa fimbo yake, akatazama chini, kwenye miguu ya Aikande. "Hapa chini?"

Aikande akatikisa kichwa. "Hapana, Bibi. Ardhi imeshuka. Ulisema Mzee alichimba mpaka kifuani kwake." Akainua mkono, kiganja wazi, juu kidogo ya kichwa chake, na kuushikilia hewani. "Alikuwa hapa. Isale lilikuwa juu zaidi, sifiki."

Bibi Anande aliinua uso akakitazama kiganja kile, na juu yake mahali patupu. Akampa Bariki fimbo. Isale la Machame akalikumbatia kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akaunyoosha taratibu hadi vidole vyake vikagusa kiganja cha Aikande.

"Elinipa," alisema.

Wakasogea hatua mbili. Tepu, kipimo, mkono juu. "Daniel." Wakasogea. "Elizabeth." Wakasogea hadi la nne. Alisimama na vidole vyake pale, macho juu, lile zima na lile la dawa, na Aikande akaanza kulia bila kujificha, mkono ukiwa unamuuma kutoka begani.

"Kesho wanamwaga zege hapa?" Bibi aliuliza.

"Ndiyo, Bibi. Asubuhi."

"Basi usishushe mkono kwanza," Bibi Anande alisema, na Aikande hakuushusha.